Kifaa Kilichofanya Kazi Kikiwa Kimezimwa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Nafuna alimsaidia mama yake kumenya mananasi. Waliishi Kiganjo, mjini Thika, katika nyumba ya kupanga yenye ua mdogo nyuma. Mama yake, Mourine, aliuza vipande vya nanasi karibu na stendi. Mama alikata, Nafuna akapanga vipande katika vikopo na kuvifunika. Zamani maganda yote yalikwenda kwa ng'ombe wa jirani yao, Mama Tabby. Muhula huu yalikwenda shuleni.

"Ng'ombe wa Mama Tabby wamelalamika," mama alisema Jumanne hiyo akimpa ndoo. "Wanauliza sayansi itakula maganda yao mpaka lini."

"Mpaka Alhamisi, Mama. Tukitoka kwenye maonyesho ya sayansi Ruiru watayapata yote."

"Na mkishinda huko Ruiru?"

"Tukishinda tutaendelea. Tutaenda maonyesho ya kanda nzima."

"Basi ng'ombe wataomba mshindwe," mama akasema, wakacheka wote wawili.

Nafuna alicheka, lakini jambo lenyewe halikuwa la mzaha kwake. Shule yao haikuwa imewahi kupita maonyesho ya Ruiru hata mwaka mmoja. Safari hii kila mtu, kuanzia mwalimu mkuu hadi mpishi, aliamini kwamba Nafuna na mwenzake Ngigi wangepita.

Kazi yao ilianza na somo la Mwalimu Muasya, aliyefundisha sayansi katika Gredi ya Nane. Kitu kikiungua, aliwaeleza, kiwe kuni, makaa au petroli, hutoa hewa ya ukaa, na hewa hiyo ikizidi angani dunia hupata joto kupita kiasi. Wanasayansi wanatafuta njia ya kuigeuza hewa hiyo kuwa mafuta tena, au kemikali za viwandani, kwa kutumia nguvu za jua. Kazi hiyo ni ngumu, kwa sababu hewa ya ukaa ni kama jivu: imekwisha kuungua, na si rahisi kuigeuza kuwa kitu kingine. Ndiyo maana huhitaji kichocheo, yaani kitu kinachorahisisha mabadiliko bila chenyewe kwisha. Na kichocheo kinachofaa ni kile kisicho na sumu, kinachopatikana kwa urahisi na kisichodai moto mkali.

Nafuna na Ngigi waliamua kujaribu. Ngigi alikuwa mvulana wa mtaa wa Landless, mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa mdomo. Kifaa walichounda kilikuwa hivi. Chupa ya plastiki ya lita mbili ilijazwa maganda ya nanasi, maji na sukari kidogo. Maganda yakichacha hutoa hewa ya ukaa kwa wingi, na mjini Thika ni vitu vichache vinavyopatikana kwa urahisi kuliko maganda ya nanasi. Mrija mwembamba uliipeleka hewa hiyo katika chupa ya jemu yenye maji ya magadi, magadi yale yale ya kulainishia maharagwe. Ndani ya chupa ya jemu mlikuwa na waya wa shaba uliochomwa katika jiko la makaa mpaka ukawa mweusi. Huo ndio uliokuwa kichocheo. Kando yake kilisimama kijiti cheusi kilichotolewa ndani ya betri kuukuu. Nyaya mbili ziliviunganisha na paneli ndogo ya sola iliyokaa dirishani.

Ili kujua kama kifaa kimefanya kazi, walichota maji kidogo kutoka chupa ya jemu, wakayatia katika glasi na kuyadondoshea pamanganeti, dawa yenye rangi ya zambarau. Hewa ya ukaa haiwezi kuiondoa zambarau hiyo, kwa kuwa imekwisha kuungua. Kitu ambacho bado kinaweza kuungua, kitu cha jamii ya mafuta, mara nyingi huiondoa. Walijaribu kwanza maji ya magadi matupu: zambarau ikabaki zambarau. Wakajaribu maji ya kifaa chao: baada ya dakika kumi zambarau iligeuka kijani, halafu kahawia. Darasa zima lilipiga makofi. Mwalimu Muasya, ambaye hakuwa mtu wa kuchekacheka, alivua miwani akaifuta mara mbili.

Tangu Jumatatu Mwalimu Muasya alikuwa Ruiru, akiwasaidia walimu wengine kuandaa ukumbi wa maonyesho. Alikuwa amemwachia Nafuna ufunguo wa kabati la sayansi na agizo moja tu: wafanye mazoezi.

Kwa hiyo Jumanne hiyo, masomo yalipokwisha, Nafuna aliingia darasani peke yake. Alitia maji mapya ya magadi katika chupa ya jemu, akachomeka mrija kutoka chupa ya maganda iliyokuwa ikitoa povu tangu Jumatatu, akangoja saa nzima huku akikariri maelezo yake. Kisha akachota maji, akadondosha pamanganeti, akatazama saa ya ukutani. Kijani. Kahawia. Dakika kumi na moja.

Aliridhika, akanyoosha mkono kuondoa nyaya. Ndipo alipoona kwamba kibanio cha waya mwekundu kilikuwa kikining'inia hewani. Hakikuwa kimeshika kitu.

Alisimama akikitazama. Labda kimeanguka sasa hivi, aliwaza. Lakini hakuwa amekigusa. Tena, alipoitazama paneli vizuri, alikuta imelala kifudifudi dirishani, uso wake umeelekea ubao wa dirisha. Tangu alipoingia darasani hakuwa amekumbuka kuigeuza wala kuiunganisha.

Aliyamwaga maji ya chupa ya jemu, akatia mapya, akaanza upya. Safari hii aliondoa nyaya zote mbili makusudi, akaifungia paneli kabatini. Saa nzima ikapita. Akadondosha pamanganeti. Kijani, kisha kahawia. Dakika kumi.

Nafuna aliketi juu ya dawati. Kama kifaa kilihitaji umeme ili kufanya kazi, kilifanyaje kazi bila umeme? Na kama hakikuhitaji umeme, paneli ilikuwa ya nini? Alihisi kama mtu aliyejumlisha tatu na nne akapata tisa, akarudia akapata tisa tena.

Ngigi aliingia mbio, viatu vimejaa vumbi la uwanjani.

"Niaje, Nafuna. Mbona umekaa kama mtu ameona nyoka?"

"Ngigi, hii kitu imefanya kazi."

"Si ndiyo kazi yake?"

"Imefanya kazi ikiwa imezimwa. Mara mbili."

Ngigi aliitazama glasi, akazitazama nyaya zilizokunjwa mezani. "Haiya! Labda umeme wa jana umebaki ndani ya waya."

"Umeme haubaki kwenye waya kama maji kwenye mpira."

"Basi labda shaba imezoea."

"Imezoea nini?"

"Kazi! Si ni kichocheo? Imechochea wiki tatu, sasa inajua njia."

Nafuna hakucheka. "Tuitoe shaba pia, tuone."

Wakaitoa. Walibaki na maji mapya ya magadi na mrija wa maganda tu. Walingoja mpaka mlinzi akaja kuwauliza kama hawana kwao. Zambarau ikapotea kama kawaida.

Sasa hata Ngigi aliacha mzaha. Alijikuna kichwa, akatazama bango kubwa lililoegemezwa ukutani, lenye maandishi aliyoyachora mwenyewe kwa siku tatu: HEWA CHAFU KUWA MAFUTA SAFI.

"Sikiliza," alisema hatimaye. "Alhamisi ni kesho kutwa. Hatuna haja ya kumwambia mtu. Tutaunganisha umeme, rangi itabadilika, watu wataona. Kuna uongo hapo?"

Nafuna alifunga kabati la sayansi kwa ufunguo.

Aliibeba chupa ya jemu nyumbani. Alishuku kwamba labda jemu yenyewe haikuwa imetoka vizuri, akataka kuisugua kwa maji moto. Mama alikuwa uani akiosha visu. Nafuna alifungua kifuniko, na mama akainua kichwa ghafla.

"Nafuna. Njoo hapa."

"Nimekuja, Mama."

"Karibu zaidi. Nipumulie."

"Nini?"

"Nipumulie, nimesema!"

Nafuna alimpumulia usoni. Mama alinusa, akakunja uso, akanusa tena, kisha akaichukua ile chupa na kuipeleka puani.

"Mayi wee! Mnapika pombe shuleni?"

"Mama, hiyo ni magadi na hewa tu! Ni mradi wetu!"

"Mradi?" Mama aliketi kwenye kigoda. "Mimi nimelelewa na kukhu wangu, nyanya yangu, kule Bungoma, kabla hajaokoka. Alikuwa anapika chang'aa, na sijivunii hilo, lakini harufu hii hakuna mtu wa kunidanganya. Mnaweka nini kwenye hiyo chupa kubwa?"

"Maganda ya nanasi, maji na sukari."

"Siku ngapi?"

"Mbili. Au tatu."

Mama akaanza kucheka mpaka akalazimika kuweka kisu chini. "Maganda, maji, sukari, siku tatu. Na hamjui mnatengeneza nini! Hiyo ni pombe, mwanangu. Povu likijaa linapanda mrijani, na mvuke wake nao unapita. Inaingia kwenye chupa yenu pole pole. Kukhu alikuwa na mrija kama huo huo, tofauti yeye aliweka moto."

Nafuna hakusikia kicheko. Alikuwa akifuata mambo moja baada ya jingine. Maganda yakichacha hutoa hewa ya ukaa, na hutoa pombe pia. Pombe ni kitu kinachoweza kuungua. Kitu kinachoweza kuungua huiondoa zambarau. Kwa hiyo mafuta waliyoyaona hayakutoka katika hewa ya ukaa. Yalikuwa yametoka moja kwa moja katika nanasi.

Ilibaki njia moja ya kuthibitisha. Jumatano, wakati wa chakula cha mchana, alimvuta Ngigi darasani. Waliosha kila chombo kwa maji moto. Badala ya maganda, waliweka magadi makavu katika chupa safi wakayamiminia maji ya limau. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya ukaa bila pombe hata tone. Waliunganisha paneli, wakaielekeza kwenye jua kali la saa saba, wakakagua vibanio mara tatu. Masomo yalipokwisha walirudi, wakachota maji, wakadondosha pamanganeti.

Dakika kumi zikapita. Ishirini. Arobaini. Zambarau haikubadilika hata kidogo.

"Ngai!" Ngigi alinong'ona. "Kwa hiyo shaba haifanyi chochote?"

"Labda inafanya kidogo sana, hatuwezi kuona. Lakini tulichokiona si kazi yake."

Ngigi alizunguka meza mara mbili. Kisha akatoa karatasi ya maelezo waliyokuwa wakikariri.

"Nisikilize kwa makini. Nitasema hivi: 'Hii ni hewa ya ukaa.' Ukweli. 'Huu ni waya wa shaba.' Ukweli. 'Hii ni paneli ya sola.' Ukweli. 'Tazameni, rangi imebadilika.' Ukweli mtupu. Ni wapi nimedanganya?"

"Na sentensi ya mwisho?"

"Hiyo ni yako," Ngigi alisema, bila kumtazama. "Umeikariri wiki tatu. Isome tu ukae."

Sentensi hiyo, ya kumi, ilisema: "Hivyo ndivyo tulivyogeuza hewa ya ukaa kuwa mafuta." Jioni nzima Nafuna aliigeuza kichwani. Ngigi hakuwa mwongo, alimjua tangu Gredi ya Kwanza. Mwalimu Muasya aliwaamini. Shule nzima iliwaamini. Mambo yote kwenye karatasi ile yalikuwa ya kweli isipokuwa moja, na hilo moja ndilo lililowapeleka Ruiru. Je, uongo mmoja mdogo huharibu kweli tisa? Au kweli tisa zinatosha kuufunika? Hakujua, na kutojua huko kulimchosha kuliko kubeba ndoo.

Alhamisi ukumbi wa Ruiru ulijaa meza na kelele. Makundi kumi na manne yalikuwa yamepangwa. Nafuna alimkuta Mwalimu Muasya amebeba viti vinne kwa mpigo.

"Mwalimu, kuna jambo kuhusu kifaa."

"Kinafanya kazi?"

"Kinafanya, lakini..."

"Vizuri sana! Utaniambia baadaye, Nafuna. Majaji wameanza upande ule."

Jaji mkuu alikuwa mama mmoja mrefu aliyeitwa Daktari Wakonyo, mtaalamu wa kemia. Alipita meza hadi meza na ubao wake wa kuandikia, hatabasamu, hanuni. Alipofika kwao, Mwalimu Muasya na mwalimu mkuu walikuja kusimama nyuma yake.

Ngigi alianza. Alieleza kwa sauti iliyonyooka, akaonyesha kila kitu kwa kidole. Kifaa cha nanasi kilikuwa kimefanya kazi tangu asubuhi, paneli ikiwa juani. Alichota maji, akadondosha pamanganeti. Watu walisogea. Rangi ilipogeuka kijani, mtu mmoja akasema "Wah!" Ilipogeuka kahawia, mwalimu mkuu aliongoza makofi. Daktari Wakonyo akaandika kitu. Kisha wote wakamgeukia Nafuna, na Ngigi akamgusa kiwiko.

"Hivyo ndivyo..." Nafuna alianza. Akaitazama glasi ya kahawia. Alijaribu tena. "Hivyo ndivyo tulivyokosea."

Makofi yalikatika.

"Rangi imebadilika kwa sababu ya pombe," alisema haraka, kabla ujasiri haujamwisha. "Maganda ya nanasi yakichacha hutoa pombe, ikapita mrijani. Nilisahau kuunganisha umeme Jumanne, na rangi ikabadilika vile vile. Tulitoa shaba, ikabadilika. Jana tulitumia limau na magadi badala ya nanasi, tukaweka umeme na shaba, na rangi haikubadilika. Hatujageuza hewa ya ukaa kuwa mafuta. Samahani, Mwalimu. Sikupata nafasi ya kukuambia."

Mwalimu Muasya alisogea karibu na meza. Alikuwa akiitazama chupa ya maganda kama mtu anayeiona kwa mara ya kwanza. Ngigi alitazama viatu vyake.

"Pombe mliigunduaje?" Daktari Wakonyo aliuliza.

"Mama yangu aliinusa."

Kwa mara ya kwanza jaji alitabasamu. "Na umeme? Nani alitoa waya?"

"Hakuna. Nilisahau tu."

"Mara nyingine usisahau. Uutoe makusudi, siku ya kwanza kabisa." Aliweka ubao wake mezani. "Hata watafiti wakubwa hunaswa na jambo hili. Wanaona mafuta yametokea, wanafurahi, kumbe yametoka katika uchafu wa chombo au gundi iliyoshikilia kichocheo. Ndiyo maana kabla hatujaamini, tunarudia bila umeme. Tunarudia bila kichocheo. Tunarudia bila hewa ya ukaa yenyewe. Kama mafuta bado yanatokea, hatujagundua chochote. Nyinyi mmerudia bila umeme na bila shaba, na mmetumia hewa ya ukaa isiyo na pombe. Hilo nitaliandika."

Akageuka kwa Ngigi. "Na wewe, kijana, umeeleza vizuri. Lakini ulijua?"

Ngigi aliinua macho. "Nilijua, Daktari."

"Ulisema jambo lolote la uongo?"

"Hapana. Kila nilichosema ni kweli."

"Nimekusikia. Na mimi nilikuwa tayari kuondoka hapa nikiamini jambo lisilo la kweli. Ukimpa mtu kweli tisa ili aamini uongo mmoja, umemdanganya, hata kama hukuutamka."

Ngigi aliinamisha kichwa. Nafuna, kwa upande wake, aliyarudia maneno hayo kimoyomoyo. Hilo ndilo jibu alilokuwa amelitafuta uani kwao, darasani na kitandani.

Matokeo yalisomwa saa tisa. Makundi matatu yaliendelea. Kundi la Nafuna lilikuwa la sita. Mwalimu mkuu aliwapa mkono, kwa adabu, akaenda kuongea na walimu wengine.

Walipokuwa wakifunga vitu katika sanduku, Ngigi alimgeukia. "Leo umenimaliza kabisa."

"Najua. Pole."

"Wacha pole. Nilikuwa nataka uniambie kwanza, nisisimame pale kama mlingoti." Alifunga mrija kwa kamba, akaufungua, akaufunga tena. "Lakini kusema kweli, sikuwa nimelala vizuri tangu juzi."

Mwalimu Muasya aliinama akaliinua sanduku. "Kosa la kwanza ni langu," alisema. "Nilipaswa kuwaambia mjaribu bila umeme kabla hatujapiga makofi. Nilipenda jibu nikasahau kuuliza swali. Muhula ujao tutaanza na limau, na tutachoma shaba upya."

"Mwalimu," Ngigi akauliza, "na tukijaribu muhula mzima, tena shaba isifanye kitu, tutawaambia nini watu?"

"Mtawaambia mlichojaribu, namna mlivyojaribu, na kwamba hakikufanya kitu."

"Hivyo tu? Hatutashinda."

"Huenda msishinde. Lakini mtoto mwingine, pengine wa Kamenu kwetu Thika, pengine wa mbali msikokujua, atasoma na hatapoteza muhula wake katika njia hiyo. Ataanzia pale mlipoishia. Mkimwambia uongo, ataanzia mahali pasipokuwepo." Alilikaza sanduku begani. "Mwanasayansi haaminiki kwa sababu anapatia kila siku. Anaaminika kwa sababu siku anapokosea, anasema. Haya, shikeni bango, gari linatungoja."